Moto wa Simu Uwandani

Mwanafunzi wa isimu anayekwenda uwandani hubeba daftari, orodha ya maneno na simu. Daftari halihitaji umeme, orodha nayo haihitaji. Simu ndiyo inayoamua siku ya kazi itaisha saa ngapi. Kwa miezi mitano nimekuwa nikirekodi Kiholoholo katika vijiji vya ufuko wa Ziwa Tanganyika, si mbali na mji wa Kalemie nilikozaliwa, na katika miezi hiyo nimeifikiria betri kuliko nilivyozifikiria ngeli za nomino. Wenzangu watakaoondoka mwaka huu kwenda kukusanya data zao, na walimu wetu wanaowasimamia, nawaomba wayasome haya kama sehemu ya mbinu za utafiti. Maikrofoni ina sura yake katika vitabu vya uwandani tunavyosoma. Betri naona inastahili angalau kurasa hizi chache.

Nianze na maneno, maana ndiyo kazi yetu. Mtu wa Dar es Salaam husema simu imeisha chaji. Nyumbani kwetu Kalemie nasikia maneno matatu. Kuna sharji, tuliyoichukua kwa Kifaransa. Kuna kura, ambayo ni neno la Kifaransa la mkondo wa umeme lililopoteza mlio wake wa puani. Wakati wa uchaguzi wa Desemba 2023 jirani yetu alikuwa akitangaza uani karibu kila jioni kwamba kura imepotea, na alichomaanisha ni kwamba taa zimezimika. La tatu ni moto. Simu haina moto, moto umebaki kidogo, peleka simu ikatiwe moto. Mgeni kutoka Dodoma angeshtuka kumsikia mama akimtuma mtoto akatie simu moto.

Lakini kinachonivutia zaidi ni vitenzi. Sokoni kuna kijana anayechaji simu za watu kwa ada. Ana paneli ya jua juu ya bati, betri kubwa ya gari chini ya meza, na ubao uliojaa soketi. Siku moja aliigeuzageuza simu yangu akasema: “Yaya, hii simu mbele ilikuwaka inakaa na moto siku mbili. Sasa haikai.” (Wanafunzi wa mwaka wa pili wataitambua -ak- katika ilikuwaka. Kiswahili sanifu hakina kiambishi hicho, Kiswahili chetu cha Katanga hakiwezi kuishi bila hicho, na wenzetu wa bara Tanzania wanacho binamu yake katika anaendaga.) Angalia kwamba kijana hakusema moto umeisha. Alisema simu haikai na moto. Kwake hayo ni mambo mawili, na yuko sahihi kuliko ushauri mwingi unaozungushwa na watu waliosoma.

Moto kuisha ni jambo la siku. Umeamka na asilimia mia, umefika jioni huna kitu, unachaji, kesho unaanza tena. Kutokaa na moto ni jambo la umri. Betri imezeeka, chombo chenyewe kimepungua, na hata ukiijaza pomoni itakupa nusu ya ilivyokupa ilipokuwa mpya. La kwanza lina dawa. La pili halina dawa, mtu anaweza kulichelewesha tu. Tabu ni kwamba yanayosaidia upande mmoja wakati mwingine yanaumiza upande mwingine. Anayetaka betri yake iishi miaka mingi asiijaze hadi mwisho. Anayetaka kurekodi kutwa nzima mahali pasipo umeme ataijaza hadi mwisho, tena kwa furaha. Mtu akikwambia namna ya kuifanya betri idumu, muulize kwanza: idumu siku au idumu miaka?

Ili swali hilo liwe na maana, inabidi tuingie kidogo ndani ya betri. Hizi zetu ni za lithiamu-ioni. Kampuni ya Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyozizaa. Jina la lithiamu limetoka kwenye neno la Kigiriki la jiwe, kwa sababu ilitambuliwa kwanza ndani ya jiwe, mwaka 1817. Kobalti, ambayo hutumika katika betri nyingi za simu, ina jina la pepo msumbufu ambaye wachimbaji wa Kijerumani waliamini anakaa migodini. Majina ni ya Ulaya, mali kwa sehemu kubwa iko kwetu. Mji wa Manono, katika jimbo hili hili la Tanganyika, uliojulikana kwa bati enzi za Wabelgiji, umekalia akiba ya lithiamu inayohesabiwa miongoni mwa zile kubwa duniani. Na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa katika majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga. Kwa hiyo huenda simu niliyonunua Kalemie imebeba ndani yake udongo wa majirani zangu, uliokwenda kwanza hadi Asia ukarudi na bei.

Betri ina pande mbili, na chembe za lithiamu huhama kati yake. Zikienda huku tunachaji, zikirudi kule tunatumia. Katika safari hizo chembe chache hunaswa kwenye utando unaojijenga juu ya upande wa grafiti, na zikinaswa hazirudi kazini. Huo ndio uzee. Hauzuiliki, lakini kuna vitu vinavyouharakisha, na kikubwa ni joto. Kingine ni kukaa muda mrefu betri ikiwa imejaa kabisa, au ikiwa imekauka kabisa. Ndiyo maana wataalamu hupendekeza kuizungusha kati ya asilimia 20 na 80, na simu nyingi za siku hizi zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye 80. Uzee hupimwa kwa mizunguko, na mzunguko si kuchomeka waya mara moja: ukitumia nusu leo na nusu kesho umemaliza mmoja. Tangu Juni 2025 sheria ya Umoja wa Ulaya inadai simu mpya zinazouzwa huko ziwe na betri zinazobaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 800. Anayemaliza mzunguko mmoja kila siku atafika hapo katika miaka miwili na kidogo.

Kwetu joto si nadharia. Nyumba zimeezekwa bati, na saa nane mchana simu iliyoachwa dirishani haishikiki. Mitumbwi haina kivuli. Nimeona watu wakilaza simu juu ya paneli ya jua yenyewe, kwa kuwa waya ni mfupi, ikichaji huku inaoka. Wanaijaza kwa siku moja na kuizeesha kwa mwezi. Kijana wa sokoni ametoboa tundu mezani, nyaya zinapita, simu zinalala chini kivulini. Yeye pia huvua magamba ya simu kabla ya kuchomeka, kwa sababu gamba nene la plastiki huzuia joto kutoka. Na huchukia waya zile nyembamba za bei ya chini, ambazo humfanya mteja asubiri saa tano kwa kazi ya saa mbili. Yote hayo hakuyasoma popote. Ameona simu mia nyingi zikivimba, na kuvimba ndilo neno lake, kama mguu. Betri ikivimba imejaa gesi; haitobolewi, haikandamizwi, haichajiwi tena.

Umeme wa mjini Kalemie hutoka Bendera, kaskazini, ambako maji ya mto Kiymbi yanaporomoka kutoka milimani. (Kituo hicho kimo hata katika historia ya dunia: Juni 1965 waasi waliokuwa pamoja na Che Guevara na Wakuba wenzake walishambulia ngome iliyokilinda, wakashindwa.) Ukiwa na soketi unaweza kufuata ushauri wa 20 na 80 bila kuumia. Mama yangu ameongeza kanuni yake: umeme ukikatika anachomoa kila kitu, na ukirudi anasubiri taa itulie kwanza, ndipo anachomeka simu. Lakini kijijini ninakofanya kazi waya haufiki. Huko nilikwenda na simu ya miliampea-saa 5,000, pawabanki ya 10,000 na paneli ndogo ya kukunja, na hesabu ikabadilika kabisa.

Pawabanki, kwanza, si kama inavyojitangaza. Mtu anadhani 10,000 kugawa kwa 5,000 ni mbili. Namba ile inahesabiwa kwa volti za betri ya ndani, ambazo ni 3.7, na umeme unapandishwa hadi volti 5 kabla ya kuingia kwenye simu, na simu nayo inaushusha tena. Kila hatua ina ushuru wake, na ushuru wenyewe ni joto. Kinachofika ni mara moja na nusu hivi. Kwa paneli ya jua ni afadhali kuchaji pawabanki mchana, na pawabanki ichaji simu usiku kukiwa na ubaridi. Wingu likipita juu ya paneli simu huacha kuchaji na kuanza tena, lakini pawabanki inavumilia.

Sasa nani anakula moto? Kitenzi hiki cha kula kinatumika pwani na kwetu vilevile, na ni kitenzi kizuri kwa mtafiti, kwa kuwa kinadai kiima. Kabla ya kuondoka mjini nilifanya vipimo vya jioni kadhaa, nikiiacha simu ikirekodi saa nzima kwa namna tofauti na kuandika asilimia mwanzo na mwisho. Kioo kikiwaka na mtandao ukiwa wazi, saa moja ya kurekodi ilikula asilimia 12 hadi 14. Kioo kikizimwa, zikabaki 7. Nilipoweka hali ya ndege, zikawa 3, mara nyingine 4. Hizo ni namba za simu yangu tu. Kila mtu apime yake. Lakini mpangilio wa walaji hautabadilika sana: kioo kwanza, kisha mtandao.

Kuhusu mtandao, mahali penye mnara wa mbali simu huongeza nguvu ya kutuma ili isikike, kama mtu anayepaza sauti kuvuka mto, na hata ukiwa huipigi inaendelea kutafuta. Kijiji chenye mtandao hafifu hula moto kuliko kijiji kisicho na mtandao kabisa, ilimradi katika hicho cha pili umeweka hali ya ndege. Mwanaisimu ana sababu nyingine mbili za kuiweka: hakuna atakayekupigia katikati ya ngano, na ule mkoromo wa mawimbi ya simu hautaingia kwenye rekodi.

Hali ya kuokoa betri, ambayo wengi huiwasha wakidhani wanajisaidia, ni hatari kwetu. Katika simu nyingi, hasa za bei nafuu, hali hiyo huua programu zinazofanya kazi kioo kikiwa kimezimwa, na kinasa sauti ni mojawapo. Ingia kwenye mipangilio, kitoe kinasa katika orodha ya programu zinazobanwa, kisha ujaribu kurekodi saa nzima nyumbani kioo kikiwa kimezimwa, usikilize mwisho wake. Rangi nyeusi ya kioo inasaidia kwenye vioo vya OLED tu, ambavyo nukta nyeusi ni nukta iliyozimwa. Simu nyingi za wanafunzi zina taa nyuma ya kioo chote, inawaka vilevile hata ukiweka usiku wa manane. Kurekodi kwa WAV badala ya MP3 hakukuongeza ulaji kwa kiasi nilichoweza kukiona. Kunakula nafasi, dakika moja ya mono kwa hertzi 44,100 na biti 16 ni megabaiti 5 na kitu, lakini ukitaka kupima toni kwenye Praat utajishukuru.

Yaliyobaki niyapitie haraka. Simu mpya haina haja ya kuchajiwa saa nane au kumi na mbili mfululizo mara ya kwanza. Hiyo ilikuwa desturi ya betri za nikeli. Kuimaliza hadi sifuri kila mwezi ili ikumbuke nguvu zake, hapana. Kuiweka kwenye friji, hapana kabisa. Kufunga programu kila dakika kwa kidole, wengi wetu tunafanya, na mara nyingi kunaongeza ulaji, kwa kuwa kuifungua programu upya kunakula kuliko kuiacha imelala.

Kiholoholo hakijawahi kurekodiwa kwa wepisi. Schmitz alichapisha kitabu chake juu ya Waholoholo mwaka 1912, na alikuwa na kalamu. André Coupez alitoa muhtasari wa sarufi ya lugha hiyo mwaka 1955. Hugh Tracey, aliyezunguka Kongo mwaka 1952 na 1957 akirekodi muziki, alisafiri na gari zima la mitambo na jenereta. Sisi tuna chombo kinachoingia mfukoni, na tunalalamika. Lakini jenereta la Tracey lilikula mafuta, na mafuta yanaweza kuongezwa wakati mtu anaimba.

Ninayefanya naye kazi zaidi ni kaka wa marehemu bibi yangu. Namwita Kambo, kama tunavyowaita wazee wa tabaka hilo. Amepita miaka themanini. Alikuwa mvuvi, na Kiholoholo chake ni kile cha ziwani, chenye maneno ambayo hata binti zake hawana. Ukimsalimu kwa Kiholoholo anakujibu kwa Kiholoholo. Wajukuu zake wanamsalimu kwa Kiswahili, naye anawajibu kwa Kiswahili, ndiyo hali ilivyo. Ana saa mbili nzuri kwa siku. Ya kwanza ni alfajiri, kabla ya uji. Ya pili ni jioni baada ya kula, na ya jioni ndiyo yenye masimulizi.

Kwa sababu hiyo moto wa simu ilibidi utunzwe kwa ajili ya jioni, na utunzaji huo ukaigawa kazi yangu kwa namna ambayo pendekezo la utafiti halikuigawa. Yanayoweza kurudiwa, kama orodha za maneno, minyambuliko na sentensi za majaribio, nikaanza kuyafanya mchana kwa daftari, na kuwasha simu mwishoni tu, dakika kumi, mzee arudie orodha yote kwa mpigo. Yasiyorudiwa yakapata simu. Sikuipanga hivyo kwa kufuata mwandishi yeyote, na bado nadhani ni mgawanyo mzuri. Orodha iliyorekodiwa kwa mpigo ina toni safi kuliko ile niliyokuwa nikirekodi zamani, iliyojaa maswali yangu katikati.

Wiki ya tatu mvua ilinyesha siku mbili bila kuacha. Paneli haikuona jua. Pawabanki ilikauka. Jioni ya siku ya pili, saa moja na robo, Kambo alikuwa ameshiba na mvua imetulia, na bila mimi kuuliza kitu akaanza kueleza jinsi walivyokuwa wakivuka ziwa kwa mtumbwi wakati wa ujana wake, hatua kwa hatua, kwa Kiholoholo. Jambo hilo nilikuwa nimeliomba mara nne, na mara nne alisema bado. Simu ilionyesha asilimia 9.

Kwa hesabu zangu asilimia 9 zilitosha saa mbili. Lakini hesabu zile nilizifanya juu ya asilimia za katikati. Betri iliyozeeka ikifika chini ya kumi si mkweli: simu hukadiria kiasi kilichobaki, volti zinaweza kuporomoka ghafla, na ile iliyosema 5 inazimika. Kumkatiza nisingeweza. Kumwomba aendelee kesho niliwaza, nikaona kwamba mzee wa themanini aliyekataa mara nne si wa kuahirishwa. Nilichofanya ni kurekodi kwa vipande. Faili la WAV ambalo halijafungwa vizuri simu ikizimika linaweza lisifunguke tena, lote. Kwa hiyo kila dakika kumi nilisimamisha, nikahifadhi, nikaanza jingine, ili simu ikifa iondoke na kipande kimoja tu.

Kinasa kilikuwa kinalia kidogo kila kikiwashwa. Mara ya tatu Kambo akauliza, “Mjukuu, hicho kinalilia nini?”

“Kinakaribia kuishiwa moto, Kambo. Nakihifadhi kidogo kidogo.”

“Kina njaa.”

“Ndiyo, Kambo, kina njaa.”

“Basi na mimi nitasema kidogo kidogo.”

Na akafanya hivyo. Tangu hapo, kila aliposikia mlio, alinyamaza, akasubiri nimtazame, kisha akaanza kipande kipya kwa ile fomula ya kufungulia masimulizi, nami nikaiitikia kama inavyotakiwa. Fomula ambayo katika ngano zake zote nyingine hutokea mara moja, mwanzoni, humo imetokea mara sita. Ukisoma nakala bila kujua habari za betri utasema Kambo ana utanzu maalumu wa masimulizi ya safari, wenye beti zinazorudia ufunguzi. Msimamizi wangu alisoma hivyo hivyo. Aliweka alama pembezoni, akaandika kwamba hili ni jambo la kuvutia na lipewe sehemu yake. Nilimweleza kwamba vipande hivyo vimekatwa na miliampea. Tulizungumza muda mrefu kama bado ni jambo la kuvutia. Yeye anaona ndiyo: mzee alipata mpaka wa nje akaugeuza kuwa mpaka wa usimulizi, na alijua lugha yake inampa chombo gani cha kufanyia hivyo. Mimi naona ni kweli, lakini nataka kwanza kila rekodi ya kitivo chetu iwe na mstari mmoja unaosema simu ilikuwa na moto kiasi gani na kwa nini faili linaishia pale linapoishia. Tunaandika umri wa msemaji, kijiji, tarehe, aina ya maikrofoni. Huo mstari hatuuandiki.

Katika kipande cha nane simu ilizimika. Mara ya mwisho nilipochungulia ilikuwa imesema 5. Kambo aliona mwanga umekufa mkononi mwangu lakini hakuacha, alikuwa katikati ya ziwa. Nilichukua daftari na taa ya kandili ikasogezwa. Hapo ndipo alipotaja majina ya pepo nne za ziwani, kwa utaratibu wa miezi, na namna mvuvi anavyoijua kila moja kwa harufu na kwa umbo la mawimbi kabla haijafika. Mbili kati ya hizo nilikuwa nazisikia kwa mara ya kwanza, na binti zake nilipowauliza baadaye hawakuzijua. Ninazo kwa konsonanti na irabu. Toni zake sinazo kwa uhakika. Mkono wangu uliandika upesi kuliko sikio lilivyosikia. Asubuhi nilimwomba azirudie. Alizirudia mbili za kawaida, akasema zile nyingine ni za kusemwa ukiwa safarini, na safari ya jana iliisha. Sitaziandika hapa kabla sijasikia toni zake tena.

Tangu niliporudi mjini simu imebadilishwa betri. Kijana wa sokoni alinipeleka kwa fundi anayemwamini, aliyeipima ile mpya kwa kuijaza na kuiacha ikicheza video mbele yangu hadi ishuke nusu, akihesabu dakika, kwa kuwa betri bandia nyingi huandikwa 5,000 na kubeba 3,000. Betri ya zamani ilikuwa imeanza kuvimba upande mmoja. Katika wiki za kukaa mjini sasa naichaji hadi 80 tu, kivulini, bila gamba. Siku nitakayoondoka nitaijaza hadi mwisho. Nimeongeza pawabanki ya pili, ambayo itakaa mkobani ikiwa nusu hadi wiki ya kwenda, maana kuhifadhi betri ikiwa imejaa au tupu kwa miezi kunaiua.

Nitarudi Julai, wakati wa kiangazi, jua likiwa la uhakika na pepo za kusini zikiwa zinavuma kweli ziwani. Kambo ameambiwa. Mpwa wake alinipigia kutoka mahali panapopata mtandao, akaniambia mzee amekubali kuingia mtumbwini, si mbali, hapo ufukoni tu, na ameagiza chumvi, sabuni na betri nne za tochi yake.